Kuishi na Mpendwa Mwenye Bodalaini: Mwongozo kwa Familia za Nairobi

Mwongozo huu umeandikiwa mtu ambaye nyumbani kwake, au katika uchumba wake, kuna mpendwa aliyeambiwa na daktari kwamba ana tatizo la haiba la bodalaini, yaani tatizo la namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wenzake, lile ambalo kwenye faili za hospitali huandikwa kwa herufi BPD, kifupi cha Kiingereza cha borderline personality disorder. Huenda ni mke, mume, binti, kaka, au rafiki mnayekaa naye nyumba moja Rongai ili mgawane kodi. Umeshaona jinsi simu isiyopokelewa kwa muda mfupi inavyoweza kuzaa kilio, matusi, msururu wa ujumbe na kisha ombi la msamaha, yote hayo kabla ya chakula cha jioni kuiva. Umeshajaribu kubembeleza, umeshajaribu kunyamaza, na pengine mmeshakalishwa kikao na wazee wa familia ambapo kila mmoja alitoa shauri lake na hakuna lililofaa.

Shauri langu kuu ni kwamba kinachomsaidia zaidi mtu wa namna hii ni kutabirika kwako. Zawadi, viapo na matembezi ya Naivasha mwisho wa mwezi vina nafasi yake, lakini ahadi ndogo inayotimizwa siku baada ya siku kwa saa iliyotajwa hufanya kazi ambayo vitu hivyo haviwezi kuifanya. Ili kuona kwa nini mambo yako hivyo, inafaa tuanze na jinsi mtoto anavyofungamana na mlezi wake.

Mfungamano unavyojengeka

Nadharia ya mfungamano, yaani ya kifungo cha moyo kati ya mtoto na mlezi wake, iliasisiwa na John Bowlby, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Bowlby alishikilia kwamba mtoto huzaliwa na hitaji la kumkaribia mlezi wake anapoogopa, na kwamba hitaji hilo halitokani na njaa ya maziwa peke yake. Aliyelifanyia jambo hili utafiti majumbani ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na majumba yenyewe hayakuwa mbali na hapa: mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akawatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga, na mwaka 1967 akachapisha matokeo yake katika kitabu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba haya ni mambo ya wazungu, ilhali mengi aliyoyajua Ainsworth alijifunza Uganda kabla hajaenda Baltimore, Marekani, kubuni jaribio lililompatia jina.

Katika jaribio hilo, linalochukua kama dakika 20, mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi huachwa na mama yake kwa vipindi vifupi katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na watafiti hutazama hasa anachofanya mama anaporudi. Mwenye mfungamano salama huweza kulia mama akitoka, lakini akirudi humkimbilia, hutulizwa, kisha hurudi kwenye michezo yake. Mwenye mfungamano wa kukwepa hujifanya hakuona lolote, ingawa vipimo vya mapigo ya moyo huonyesha kwamba ndani hajatulia. Mwenye mfungamano wa wasiwasi humng'ang'ania mama na papo hapo kumsukuma, na habembelezeki. Baadaye Mary Main na Judith Solomon waliongeza kundi la nne, la mfungamano uliovurugika, ambapo mtoto humwendea mama huku ameugeuza uso, au huganda katikati ya chumba, hali inayoonekana sana pale ambapo mtu anayetegemewa kumtuliza mtoto ndiye huyohuyo anayemtia hofu. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba mitindo inayokaribiana na hii hujitokeza pia katika mapenzi ya watu wazima.

Nairobi mtoto hulelewa na mikono mingi. Mama huondoka Kayole alfajiri na kurudi usiku, dada wa kazi hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, nyanya huko mashambani humchukua mtoto kwa mwaka mzima, na wazazi wengine hufanya kazi Ghuba na kuonekana kwenye skrini ya simu tu. Wingi wa walezi peke yake haumharibu mtoto. Linalohesabika ni kama miongoni mwa mikono hiyo upo angalau mmoja unaodumu, na unaoitika mtoto anapoogopa. Kwa hiyo ninawasihi wanaosoma mambo haya usiku kwenye simu wasiamke asubuhi na kumshtaki mama mzazi mezani.

Mtindo wa mfungamano si ugonjwa

Hapa ndipo watu wengi hupotoka. Katika tafiti nyingi za watoto, zaidi ya nusu huonekana kuwa na mfungamano salama, na waliosalia, ambao ni wengi pia, hugawanyika katika makundi mengine. Bodalaini, kwa upande wake, hukadiriwa kumpata mtu mmoja au wawili hivi katika kila watu wazima 100. Hesabu hiyo pekee inatosha kuonyesha kwamba watu wengi wenye wasiwasi katika mapenzi, wanaochungulia kila mara kama zile alama mbili za WhatsApp zimegeuka buluu, hawana bodalaini na hawahitaji kuitwa wagonjwa. Hata hivyo, ukiwachunguza wenye bodalaini, utakuta kwamba mfungamano wao kwa kawaida si salama, na mara nyingi ni ule wa wasiwasi au uliovurugika.

Bodalaini iliingizwa katika mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, na katika matoleo ya sasa dalili zake ni tisa, ambapo daktari huhitaji kuona angalau tano. Dalili hizo ni jitihada za kupita kiasi za kuzuia kuachwa, iwe kweli anaachwa au anadhani tu. Mahusiano yanayoyumba kati ya kumtukuza mtu na kumdharau. Kutokuwa na hakika yeye mwenyewe ni nani. Kutenda kwa pupa mambo yanayomdhuru, kama vile ulevi, kutumia pesa ovyo au ngono isiyo salama. Kujidhuru au kutishia kujiua. Hisia zinazobadilika ndani ya saa chache. Utupu wa moyo usioisha. Hasira kali isiyolingana na kilichotokea. Na, msongo unapozidi, kushuku watu au kujihisi kama aliyetengana na mwili wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umechukua njia nyingine kidogo: hupima kwanza ukali wa tatizo la haiba, kisha huongeza maelezo kwamba lina sura ya bodalaini.

Chanzo chake si kimoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa, na juu yake huja mambo ya maisha, kama vile kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa, au kukulia katika nyumba ambamo kila hisia ya mtoto ilijibiwa kwa maneno kama "acha upuuzi". Wapo wenye bodalaini waliolelewa vizuri sana na wazazi wenye upendo, na wapo walioteswa utotoni ambao hawakuipata. Marsha Linehan, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba aliwahi kulazwa ujanani kwa kujidhuru vibaya, aliwafananisha watu hawa na walioungua karibu mwili mzima, ambao mguso mwepesi kabisa huwaletea maumivu makali.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia katika vitendo. Bodalaini huchanganywa sana na ugonjwa wa hisia wa baipola. Katika baipola, kipindi cha kuchangamka kupita kiasi au cha huzuni huendelea kwa siku kadhaa au wiki, mara nyingi bila sababu inayoonekana. Katika bodalaini, hali ya moyo hugeuka kwa saa, na karibu kila mara kuna jambo kati yake na mtu fulani lililoigeuza. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na kazi ya kutofautisha ni ya daktari, si ya shangazi wala ya mchumba aliyekasirika. Usimwite mtu jina la ugonjwa katikati ya ugomvi, hata kama una hakika.

Kabla hisia hazijapanda

Kazi kubwa hufanyika siku ambazo hakuna ugomvi. Anza kwa kuorodhesha, kichwani au kwenye daftari, nyakati za kawaida za kuachana: kuondoka asubuhi, zamu ya usiku, safari ya kwenda nyumbani mashambani, siku ya chama, mechi ya Jumamosi. Nyakati hizi ndizo zinazoamsha hofu ya kuachwa, na zote zinajulikana mapema.

Kwa kila moja, toa taarifa yenye mambo matatu: unakwenda wapi, utarudi lini, na mtawasiliana saa ngapi. Usiseme "nitarudi baadaye kidogo", kwa maana kwako baadaye ni saa nne na kwake ni dakika kumi. Ukiwa mfanyakazi wa mjini unayerudi kwa matatu, usiahidi saa kamili ya kufika, kwa sababu Barabara ya Thika au ya Mombasa itakufanya mwongo kabla ya wiki kuisha. Ahidi kile unachokimiliki, kwa mfano kwamba utatuma ujumbe ukipanda gari na mwingine ukishuka. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa neno moja, mradi ufike. Ikiwa simu yako huishiwa na chaji jioni, nunua betri ya akiba na uiweke kwenye mkoba, au mwambie asubuhi kwamba simu itazimika na usimwache agundue mwenyewe.

Ahidi kidogo kuliko unavyotamani. Anayeanza kwa moyo mkunjufu kwa kuahidi kupiga simu kila saa huchoka baada ya wiki mbili, na akipunguza, punguzo hilo husomwa kama dalili ya kuondoka. Simu moja ya saa saba mchana, inayopigwa mwaka mzima, ina thamani kubwa kuliko simu kumi za mwezi wa kwanza. Na siku utakayoshindwa, sema mapema na utaje badala yake: "Leo saa saba nitakuwa mkutanoni, nitakupigia saa tisa." Kumbuka pia kwamba kwa mtu mwenye bodalaini hata jambo jema huweza kuleta hofu: baada ya wikendi ya upendo na ukaribu, wengi hugombana Jumapili jioni, kwa kuwa ukaribu umewakumbusha ukubwa wa watakachopoteza. Ukilijua hilo, hutashangaa, na utaweza kuipanga Jumapili jioni iwe na shughuli nyepesi inayojulikana, kama kupiga pasi sare za watoto pamoja au kwenda sokoni.

Zinapopanda

Chukua mfano wa ndugu wawili wanaoishi Umoja. Dada mkubwa anafanya kazi Industrial Area, na mdogo wake, ambaye ana bodalaini, yuko nyumbani. Dada ameahidi kufika saa moja jioni. Gari linakwama Barabara ya Jogoo, simu inazimika, na anafungua mlango saa mbili na nusu.

Mdogo anamwambia, "Ungekuwa unanijali ungepiga simu. Sema tu umenichoka nihame."

Jibu linalokuja upesi kinywani ni, "Umeanza tena? Nilikuwa kwenye msongamano, ulitaka nipae?" Kila neno katika jibu hilo ni kweli, na bado litaongeza moto, kwa sababu limeruka hofu na kujibu shtaka. Dada aliyejiandaa huweka mkoba chini, huketi, na kusema polepole, "Mdogo wangu, nilisema saa moja, na nimefika saa mbili na nusu bila neno lolote. Umekaa hapa peke yako ukidhani sirudi."

Kisha ananyamaza. Mdogo analia kwa muda, halafu anasema, "Nilidhani umepitia kwa shangazi kupanga nirudishwe nyumbani."

"Sijaenda kwa shangazi, mdogo wangu. Sina mpango wa kukurudisha. Simu ilizimika tulipokuwa Makadara."

Tazama mpangilio wake. Alianza na tukio ambalo hakuna anayeweza kulibishia, akaitaja hofu ya mwenziwe, akanyamaza kwa muda wa kutosha kuisikia hofu yenyewe, ambayo ilikuwa tofauti na shtaka la kwanza, na maelezo ya msongamano yakaja mwishoni kabisa. Tazama pia asilolifanya: hakukubali kwamba amemchoka, wala hakuapa mapenzi ya milele. Kukubali hisia za mtu ni kumwonyesha kwamba zinaeleweka kwa jinsi alivyoliona jambo. Si kukubali kila anachodai. Ukikubali uongo ili kutuliza nyumba, kesho utadaiwa ukweli wake.

Hisia zikiwa juu sana, akili ya kupima hoja huwa imefifia, kwa hiyo punguza maneno. Sentensi fupi, sauti ya chini, mikono ionekane, usizibe mlango kwa mwili wako, na uzime televisheni. Mwili unaweza kutulizwa kabla ya mawazo: Linehan aliwafundisha wagonjwa wake kuinamisha uso katika maji baridi kwa sekunde kadhaa huku wameshika pumzi, jambo linalopunguza mapigo ya moyo, na beseni la maji yenye barafu linatosha. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo bila kumuuliza daktari. Njia nyingine ni kupumua ukihesabu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, au kukimbia ngazi za ghorofa mara kadhaa. Mfanye pamoja, ukimwamuru akafanye peke yake, itakuwa kama umemfukuza.

Ukiona wewe mwenyewe unakaribia kulipuka, ondoka kwa utaratibu. "Nimekasirika na sitaki kusema neno nitakalojutia. Natoka hadi dukani, nitarudi baada ya dakika ishirini, tutaendelea." Kisha rudi katika dakika hizo ishirini. Kutoka bila kutaja muda wa kurudi ndilo jambo linaloogopwa kuliko yote, na kutoka huku ukiubamiza mlango ni vibaya zaidi. Na kwa namna yoyote ile, msigombane kwa maandishi. Ujumbe hauna sauti wala uso, na mtu aliyejaa hofu atausoma kwa sauti iliyo mbaya kuliko zote anazozikumbuka. Andika kwamba mtazungumza saa fulani, kisha weka simu chini.

Mipaka

Kutabirika kunahusu pia yale usiyoyakubali. Familia nyingi zinazosoma kuhusu bodalaini huelewa kwamba zinapaswa kuvumilia kila kitu, na baada ya mwaka zimechoka kabisa, zimejaa uchungu, na hatimaye humfukuza mtu katika usiku mmoja wa hasira. Mpaka uliowekwa mapema ungewaokoa wote wawili.

Mpaka mzuri huzungumzia utakachofanya wewe. "Usinipigie kelele" ni amri ambayo huna uwezo wa kuitekeleza. "Ukianza kunitukana nitakata simu, na nitakupigia saa mbili asubuhi" ni jambo lililo mikononi mwako. Uuweke mkiwa mmetulia, Jumamosi mchana mkinywa chai, uutaje kwa ufupi, na usiwe na mipaka zaidi ya miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Pesa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa huleta ugomvi mwingi: mkubaliane kiasi utakachotuma kwa M-Pesa na siku ya kukituma, ili kutuma au kutotuma kusigeuke kipimo cha upendo saa sita usiku.

Kisha ushikilie. Ukikataa kupokea simu za usiku, ikaja moja, zikaja tano, ukapokea ya kumi na saba kwa sababu umechoka, utakuwa umemfundisha kwamba inatakiwa kupiga mara kumi na saba. Hakuna ubaya wowote wa nia hapo kwa upande wake. Binadamu yeyote hujifunza hivyo. Mwanzoni mwa mpaka mpya, tarajia mambo kuzidi kabla ya kupungua, na usiuweke mpaka ambao huna nguvu za kuustahimili katika wiki hizo za kwanza.

Kupigwa hakuna mjadala. Bodalaini haimpi mtu ruhusa ya kukupiga, wala haikulazimishi kukaa. Ondoka na watoto, kwa jirani au kwa ndugu, na mazungumzo yafuate baadaye mbele ya mtu wa tatu.

Anapozungumzia kufa

Hatari ya kujiua miongoni mwa watu wenye bodalaini ni kubwa kuliko ya watu wengine kwa mbali, kwa hiyo usiseme kamwe kwamba anatafuta tu kuonekana. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua? Umefikiria njia gani? Kitu hicho kiko hapa nyumbani?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akiwa na njia na wakati aliopanga, usimwache peke yake, ondoa dawa za wadudu, dawa ya panya na vidonge vilivyokusanyika, na umpeleke hospitali usiku huohuo. Mathari, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili iliyo kando ya Barabara ya Thika karibu na Muthaiga, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hupokea wagonjwa wa dharura. Kwa simu, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177.

Familia nyingi zilikuwa zikiogopa hospitali kwa sababu kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke.

Kujidhuru bila nia ya kufa, kama kujikatakata mikononi, ni jambo jingine, ingawa nalo huongeza hatari. Safisha jeraha bila mahubiri wala machozi mengi, tafuta matibabu ikiwa ni la kina, na siku ya pili, mkiwa watulivu, umuulize ni nini kilichotangulia. Ukimpa uangalizi wote siku ya jeraha na ukamsahau siku za amani, utakuwa umeyapanga mambo kinyume.

Mtindo wako mwenyewe

Sehemu hii ni fupi, ila ndiyo watu huiruka. Nawe una mtindo wako wa mfungamano. Mtu wa kukwepa, yule aliyekuzwa kwa kuambiwa kwamba mwanamume halii, mara nyingi hujikuta na mwenzi mwenye hofu ya kuachwa: mmoja hufuata, mwingine hurudi nyuma, na kila anavyorudi nyuma ndivyo anavyofuatwa. Ikiwa ni wewe, kazi yako ni kusema jambo moja la moyoni kwa siku kabla hujaulizwa. Ikiwa wewe ni wa wasiwasi, utaelekea kutuliza kila kitu kwa ahadi, kisha kukosa usingizi ukizitimiza. Kazi yako ni kupunguza ahadi. Uwe na mtu mmoja wa kuzungumza naye nje ya nyumba hiyo, awe mshauri nasaha au rafiki msiri, na usiache chama chako, kwaya yako wala mazoezi yako kwa ajili ya kuwepo muda wote. Kasisi, imamu na wazee wana msaada wao, na maombi hayagombani na matibabu. Anayekuamuru uache kliniki ndiye wa kuepukwa.

Kumfikisha kwa mtaalamu

Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa bodalaini. Vidonge hutumika kwa magonjwa yanayoambatana nayo, kama sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na mtu aliye na mifuko minne ya dawa kutoka kliniki tatu anahitaji daktari mmoja wa kuzipitia zote. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo. Iliyochunguzwa zaidi ni ile ya Linehan, iitwayo tiba ya dayalektiki ya tabia, ambayo jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991: kwa kawaida huchukua kama mwaka, huunganisha mazungumzo ya mtu mmoja na darasa la stadi nne, yaani utulivu wa kuwa makini na yanayotokea sasa, kustahimili dhiki, kuzitawala hisia, na kuhusiana na watu. Nyingine, ya Anthony Bateman na Peter Fonagy, inakaa karibu zaidi na nadharia ya mfungamano, kwani humfunza mtu kutambua yanayoendelea moyoni mwake na kukisia kwa uangalifu yaliyo moyoni mwa mwenzake, badala ya kuamini papo hapo kwamba kimya ni chuki.

Matarajio ni mazuri kuliko sifa ya ugonjwa huu. Mary Zanarini na wenzake, huko Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 waliowahi kulazwa. Katika miaka kumi, asilimia 93 walipitia angalau miaka miwili mfululizo bila kutimiza dalili za ugonjwa. Kupona kikamilifu, kwa maana ya kuwa pia na kazi na mahusiano yanayodumu, kulifikiwa na nusu yao. Wape watu wenu muda.

Mtaalamu wa kwanza anaweza kupatikana kupitia rufaa kutoka hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Akiwa wa binafsi, muulize kwa simu kabla ya kulipa: amesajiliwa na nani, kwa kuwa tangu mwaka 2014 kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, amewahi kutibu bodalaini, na kwa njia gani, gharama ya kila kikao ni kiasi gani, na kama anapunguza kwa anayekuja kila wiki, anazungumza lugha ambayo mgonjwa hulia nayo, na nini hufanyika mgonjwa akizidiwa kati ya vikao. Anayejibu kwamba watu wa namna hiyo hawaponi, mshukuru na upige namba nyingine.

Usimpeleke mpendwa wako kwa hila. Mwambie siku mbili kabla, umtajie mahali, saa na jina la mtaalamu, na umuulize kama angependa uingie naye au usubiri nje. Kwenda na kurudi kwenye kikao cha kwanza huwa kugumu, basi panga usafiri mapema na umwombe mwajiri wako ruhusa ya nusu siku nzima. Beba majina na vipimo vya dawa zote anazotumia, barua za hospitali za zamani, na karatasi moja ya matukio ya wiki mbili zilizopita: nini kilitangulia, alihisi nini, alifanya nini, ilichukua muda gani kutulia. Iandikeni pamoja, mkiketi upande mmoja wa meza, na sehemu ambazo hamkubaliani ziandikwe kwa pande zote mbili. Kabla hamjatoka kliniki, hakikisheni tarehe na saa ya kikao cha pili imeandikwa kwenye kadi, na picha ya kadi hiyo iko katika simu zenu nyote.